Rangi Imekwenda Wapi?

Maswali ya wasomaji kuhusu maabara, yanajibiwa na fundi wa zamani wa maabara

Mwezi huu barua nyingi ni za rangi. Sijui kimetokea nini, labda ni msimu wa miradi ya wanafunzi, lakini katika kila barua 10 nilizofungua, 6 zilikuwa za mtu anayetaka kuiondoa rangi majini na kupima imeondoka kiasi gani. Nimechagua 5. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo yenye mzizi wa nyingine zote. Wengine mtanisamehe.

*

Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa 3, nasoma kemia. Mradi wangu ni kuvunja rangi ya methilini bluu ndani ya maji kwa unga wa titani dioksaidi na taa ya urujuanimno. Nilianza na miligramu 10 za rangi kwa lita, nikatia gramu 1 ya unga kwa lita, nikawasha taa papo hapo. Kila nikichota sampuli nauondoa unga kwa sentrifyuji, ile mashine ya kuzungusha mirija mpaka unga ushuke chini, kisha nasoma absobansi kwenye nanomita 664. Mwanzo, kabla ya kutia unga, ilikuwa 1.90. Dakika ya 20 ikawa 0.61, ya 40 ikawa 0.31, ya 60 ikawa 0.15. Nikaandika: "Asilimia 92 ya rangi imevunjwa." Msimamizi wangu alilizungushia neno "imevunjwa" duara jekundu, akaandika pembeni: "Umejuaje?" Nimekaa na swali hilo wiki 2 sasa. Maji si yamekuwa meupe? — Mwenye Duara Jekundu

Marahaba mwanangu. Usimkasirikie msimamizi wako. Amekuuliza swali ambalo mimi niliulizwa nikiwa tayari nina miaka 4 kazini, na aibu yake naikumbuka mpaka leo. Nitakusimulia.

Tuanze na mashine. Spektrofotomita haiijui methilini bluu. Haijui hata kama ndani ya kuveti, kile kichupa cha kupimia, mna rangi, chai au vumbi. Kazi yake ni moja tu: inapitisha mwanga wa urefu wa wimbi uliouchagua, inahesabu uliotoka upande wa pili, kisha inaulinganisha na ule uliopita kwenye maji matupu. Absobansi ni logi ya kizio 10 ya mlinganisho huo. Ukisoma 1, maana yake sehemu moja kati ya 10 ya mwanga ndiyo iliyopenya. Ukisoma 2, ni sehemu moja kati ya 100. Ile 1.90 yako inasema kwamba mwanga uliopita ulizidi kidogo asilimia 1, 0.15 inasema umepita kama asilimia 71. Basi. Mashine imekuambia kwamba mwanga mwekundu ulikuwa unazuiwa na sasa hauzuiwi sana. Neno "kuvunjwa" halimo katika taarifa yake, umelitia wewe.

Ni kweli kwamba kuna kanuni inayounganisha absobansi na wingi wa rangi majini, ile tunayoiita ya Beer na Lambert. (Bouguer aliiona mwaka 1729, Lambert akaiandika vizuri 1760, Beer akaja 1852. Aliyetangulia ndiye aliyeachwa nje ya jina. Ndivyo mambo yalivyo.) Kanuni hiyo inasema kwamba kwa kuveti ileile na rangi ileile, absobansi ikipungua nusu basi rangi iliyomo *ndani ya maji yale unayoyasoma* imepungua nusu. Haisemi ile nusu nyingine imekwenda wapi.

Sasa chukua namba zako, tuzihoji kama shahidi. Kutoka dakika ya 20 hadi ya 40, 0.61 imekuwa 0.31: nusu. Kutoka ya 40 hadi ya 60, 0.31 imekuwa 0.15: nusu tena. Vizuri kabisa, mmenyuko wako una tabia ya kupunguza nusu kila dakika 20. Lakini dakika 20 za mwanzo zilifanya nini? 1.90 imeshuka mpaka 0.61, yaani imegawanywa zaidi ya mara 3. Kwa nini taa ileile na unga uleule ufanye kazi hivyo mwanzoni, halafu uchoke ghafla na kutulia kwenye mwendo wa nusu kwa nusu?

Rudi nyuma. Kama mwendo ulikuwa wa nusu kila dakika 20 tangu mwanzo, absobansi ya dakika sifuri ingekuwa 0.61 mara 2, yaani 1.22. Wewe una 1.90. Tofauti hiyo ya 0.68, zaidi kidogo ya theluthi ya rangi yako yote, nadhani haikuondolewa na taa. Ilinata kwenye unga. Methilini bluu ina chaji chanya, na uso wa titani dioksaidi ukiwa kwenye maji yasiyo na asidi huelekea kuwa na chaji hasi, kwa hiyo hushikana haraka bila mwanga wowote. Kisha wewe mwenyewe ukauchukua unga ule pamoja na rangi iliyonata, ukaushusha chini ya mrija kwa sentrifyuji, ukasoma maji ya juu. Ulipomaliza uliutazama unga? Kama ulikuwa na ububuluu, jibu ulikuwa nalo mkononi.

Hii ni dhana yangu mpaka uijaribu, na kuijaribu ni rahisi: rudia kila kitu taa ikiwa imezimwa na chombo kimefunikwa. Koroga, chota kila baada ya dakika 10 mpaka masomo mawili au matatu yafanane. Mara nyingi dakika 30 hadi 60 zinatosha. Somo hilo lililotulia ndilo mwanzo wako halali, na ndipo unapowasha taa. Ukipata 1.22 au karibu yake, hesabu yako itabadilika hivi: kutoka 1.22 hadi 0.15 ni asilimia 88, siyo 92. Asilimia 4 unaweza kuziona ndogo. Lakini tazama kasi. Ukitumia 1.90 kama mwanzo unapata kasi ya 0.042 kwa dakika, ukitumia 1.22 unapata 0.035. Umeusifu unga wako kwa zaidi ya moja ya tano ya kasi ambayo hauna. (Na kasi hiyo utumie logi asilia, siyo ya kizio 10. Kila mwaka napata mtu aliyebonyeza kitufe kisicho chake kwenye kikokotoo, kisha anashangaa kwa nini kichocheo chake, yaani unga wake, ni dhaifu mara 2.3 kuliko cha wenzake.)

Simaanishi kwamba rangi iliyonata haikuvunjika kabisa. Huenda ilivunjika baadaye palepale juu ya unga, kwani ndiko mmenyuko unakofanyika. Ninachosema ni kwamba maji yako hayawezi kulitolea ushahidi jambo lililotokea kwenye unga. Uoshe unga kwa ethanoli mwishoni, usome ile ethanoli. Ikitoka buluu, rangi ipo bado. Kumbuka tu kulinganisha na rangi uliyoiyeyusha kwenye ethanoli hiyohiyo, maana kilele, yaani urefu wa wimbi unaofyonzwa zaidi, husogea kidogo kiyeyushi kikibadilika.

Sasa aibu yangu. Tulikuwa tunapima kichocheo fulani kipya, na kwa kuwa sentrifyuji ilikuwa mbovu nikaamua kuchuja sampuli kwa vichujio vidogo vya sindano. Matokeo yalikuwa ya ajabu: zaidi ya asilimia 80 ya rangi ilipotea ndani ya dakika 5. Nikatengeneza grafu, nikaitundika ukutani. Mkubwa wangu wa kazi hakusema neno. Alikwenda kwenye pipa la taka, akaokota kichujio kimoja, akakipasua, akaniwekea mezani. Utando ulikuwa buluu kama anga. Nilikuwa nimepima uwezo wa nailoni ya kichujio kunyonya rangi, kichocheo hakikuwa na habari. Tangu siku hiyo, kabla ya kukiamini kichujio chochote, nakipitishia rangi safi ambayo haijaguswa na kitu na kulinganisha namba ya kabla na ya baada. Kikila, sikitumii.

Kuna njia ya pili ambayo methilini bluu inaweza kukudanganya, na hii ndiyo niipendayo kuwaonyesha vijana. Molekuli yake ikipokea elektroni inageuka kuwa umbo lisilo na rangi. Mifupa yake yote ipo, haijakatika popote. Chukua chupa, tia maji yenye glukosi na sodiamu haidroksaidi, dondoshea methilini bluu kidogo, funga, iache. Baada ya muda inakuwa nyeupe kama maji ya mvua. Itikise: buluu inarudi, kwa sababu oksijeni ya hewani imeichukua elektroni ile. Iache tena, inafifia. Unaweza kurudia mara nyingi mbele ya darasa. Je, hapo rangi "imevunjwa"? Basi sampuli yako ya mwisho nayo itikise na hewa, iache wazi kwa saa kadhaa, uisome upya. Ikipanda kutoka 0.15, unajua cha kuandika. Wanaotumia unga wa chuma au kemikali nyingine zinazotoa elektroni ndio hasa wanaopaswa kufanya hivi kabla ya kushangilia.

Njia ya tatu ni ya polepole. Methilini bluu ina vikundi 4 vya methili kwenye ncha zake. Mmenyuko huweza kuvinyofoa kimoja kimoja bila kuigusa mifupa ya katikati, na kila kikinyofolewa kilele husogea kutoka 664 kushuka kuelekea 600, ambako ndiko iliko thionini, ile iliyonyolewa vyote. Wewe umekaa kwenye 664 kama mlinzi anayetazama mlango mmoja, wageni wanapitia wa jirani. Dawa yake ni kuacha kusoma namba moja. Chora spektra nzima, yaani absobansi kwenye kila urefu wa wimbi, nanomita 200 hadi 800, kwa kila sampuli, uziweke kwenye grafu moja. Kilele kikishuka kikiwa palepale ni habari moja. Kikishuka huku kinatambaa kushoto ni habari nyingine. Tazama pia upande wa urujuanimno, karibu na 292 na 246. Kama pale 664 pamekauka lakini huku kumebaki kilima, vipande vya pete za molekuli vinaelea bado. Wenye rodamini B wanalijua hili vizuri zaidi: kilele chake cha 554 hutambaa mpaka karibu 498 kadiri vikundi vya ethili vinavyotoka, na maji ya waridi yanageuka ya manjano-kijani machoni pako.

Ukipita majaribio yote hayo, ndipo unaweza kuandika "molekuli ya rangi imevunjika". Lakini kama unataka kusema "imekwisha kabisa", yaani imekuwa kaboni dioksaidi, maji na chumvi, absobansi haitakufikisha huko. Hapo unapima kaboni ogania yote iliyomo majini. Miligramu 10 za methilini bluu, kama ni chumvi kavu isiyo na maji ya fuwele, zina takriban miligramu 6 za kaboni. Ukikuta mwishoni 5 bado zimo, basi umetoa rangi tu.

Na jambo dogo la mwisho kwako: 1.90 ni juu mno. Mwanga unaofika kwenye kihisi ni mchache, hata ule mdogo unaovuja ndani ya mashine unaanza kuharibu hesabu. Halafu molekuli za methilini bluu zikiwa nyingi huanza kushikana mbili mbili, na jozi hizo hufyonza zaidi karibu na 610, ndiyo lile bega unaloliona kushoto ya kilele. Punguza kwa maji mara 3 au 4 kabla ya kusoma, kisha zidisha. Na usisahau chombo cha tatu, chenye taa bila unga, kwa sababu methilini bluu hufifia kidogo kwa mwanga peke yake.

Kwa sasa ripoti yako iandike hivi: "Absobansi kwenye nanomita 664 ilipungua kwa asilimia 92." Hilo ni kweli, na hakuna atakayelizungushia duara.

*

Bibi, mimi ni mwalimu wa sekondari. Shule haina spektrofotomita na haitakuwa nayo karibuni. Nataka wanafunzi wangu wapime kwa namba jinsi rangi inavyovunjika, siyo kutazama kwa macho na kusema "imefifia kiasi". Kuna njia? — Mwalimu Asiye na Mashine

Ipo, na baada ya kuijenga wanafunzi wako wataielewa mashine kuliko wale walioikuta mezani.

Unahitaji taa ndogo ya LED, chombo cha kioo chenye kuta zilizonyooka, sanduku lililopakwa rangi nyeusi ndani, na simu yenye kihisi cha mwanga. Kihisi hicho huwa karibu na kamera ya mbele, na zipo programu za kusomea namba yake kwa luksi. Usitumie picha za kamera, kwa sababu kamera hujirekebisha yenyewe: giza likiongezeka inafungua zaidi, na wewe unabaki na picha zinazofanana.

Rangi ya LED ndiyo siri. Kitu cha buluu ni cha buluu kwa sababu kimekula nyekundu. Kwa hiyo rangi ya buluu ipimwe kwa LED nyekundu, nyekundu ipimwe kwa kijani, ya manjano kwa buluu. Nimewahi kuona mradi mzuri ulioharibika kwa sababu mtoto alipima maji ya buluu kwa taa ya buluu, akiamini vinaendana. Namba haikusogea, akahitimisha kuwa rangi haivunjiki.

Soma kwanza taa ikiwa imezimwa. Namba hiyo ni mwanga unaovuja, itoe katika kila somo. Kisha soma maji matupu, kisha sampuli. Gawanya maji matupu kwa sampuli, tafuta logi. Kama maji matupu ni 800 na sampuli 200, mgawo ni 4 na absobansi ni 0.60. Sampuli ikiwa 80, absobansi ni 1. Hapo umeshamaliza kazi ya mashine.

Chombo chako kikiwa na upana wa sentimita 6, mwanga unapita njia ndefu mara 6 kuliko kwenye kuveti ya kawaida ya sentimita 1, basi rangi yako iwe hafifu sana tangu mwanzo. Baki chini ya 1. LED haina wimbi moja safi, ina mkanda wa nanomita 20 hivi, na kwenye rangi nzito mstari wa ulinganisho unapinda. Waambie watengeneze miyeyusho 5 ya ukolezi unaojulikana na kuchora mstari huo kabla ya lolote. Ukinyooka, endeleeni.

Kwa kuvunja rangi, chukua rangi ya kutia kwenye vyakula na dawa ya kung'arishia nguo yenye sodiamu haipokloraiti, iliyozimuliwa. Dawa iwe nyingi kuliko rangi kwa mbali, ili isionekane kupungua wakati rangi inaisha. Hapo logi asilia ya absobansi dhidi ya muda inatoa mstari ulionyooka, na mteremko wake ndio kasi. Rudieni na maji yenye joto zaidi, mtaona mteremko unavyokuwa mkali. Dawa hiyo isikutane na asidi wala amonia hata kwa tone: gesi inayotoka ni sumu. Madirisha wazi, na miwani machoni.

*

Nimetengeneza kichocheo ambacho nadhani kinafanya kazi kwa mwanga wa kawaida, bila urujuanimno. Rangi inafifia vizuri chini ya taa nyeupe. Naweza kudai hivyo kwenye makala yangu? — Mwenye Matumaini

Bado. Titani dioksaidi ya aina ya anatesi inahitaji mwanga wa chini ya nanomita 387 hivi ili elektroni zake ziruke. Wewe unasema yako imebadilishwa, inatosheka na mwanga wa juu ya hapo. Sawa. Lakini katika chombo kile kuna kitu kingine kinachofyonza mwanga wa kawaida kwa ulafi mkubwa: rangi yenyewe. Ndiyo maana ni rangi! Ikishafyonza, inaweza kuupatia unga elektroni na kujiharibu yenyewe, na unga ukawa mpokeaji tu. Ukifanya hivyo na unga wa kawaida ambao haujabadilishwa, rangi itafifia pia. Umejaribu?

Jaribu na kitu kisicho na rangi, fenoli au asidi ya salisili, ambavyo havifyonzi mwanga unaoonekana. Hivi utavisoma kwenye urujuanimno, kwa hiyo utahitaji kuveti ya kwatsi, ile ya plastiki au kioo itakufungia mlango. Kikipungua kwa taa nyeupe, na kisipungue gizani, hapo una hoja. Na hakikisha taa yako nyeupe haina mkia wa urujuanimno, weka kichujio cha kukata chini ya nanomita 420.

*

Nipo kwenye mtambo wa kusafisha maji ya kiwanda cha nguo. Yanakuja zambarau leo, kesho kijani, keshokutwa kahawia. Nisome absobansi kwenye wimbi gani? Na je, tangi letu lisilo na hewa linatoa rangi vizuri sana, naweza kuridhika? — Wa Matangini

Swali la kwanza lina jibu fupi. Kwa mchanganyiko usiojulikana usikimbizane na kilele. Kiwango cha kimataifa cha ISO 7887 kina njia ya kusoma mahali 3 palepale kila siku: nanomita 436, 525 na 620, baada ya kuchuja kwa kichujio cha mikromita 0.45. Rekodi pH kila mara, kwa sababu rangi nyingi hubadilika na pH bila kuvunjika. Hapo utaweza kulinganisha Jumatatu na Ijumaa.

La pili linanitia wasiwasi kidogo, na nimefurahi umeliuliza. Rangi nyingi za nguo ni za kundi la azo: zina naitrojeni mbili zilizoshikana kwa kifungo cha mara mbili, na hapo ndipo rangi ilipo. Bakteria wa tangi lisilo na hewa wanakikata kifungo hicho kwa urahisi sana. Maji yanang'aa, namba zako zote 3 zinashuka, kila mtu anafurahi. Lakini kilichobaki ni nusu mbili za molekuli, nazo ni amini za aromatiki, hazina rangi na baadhi yake ni mbaya kuliko rangi yenyewe. Rangi zilizojengwa juu ya benzidini huirudisha benzidini, na hiyo inajulikana kusababisha saratani ya kibofu.

Kwa hiyo usiridhike pale. Soma pia kwenye urujuanimno, nanomita 254 kwa mfano, maji yanapoingia na yanapotoka. Ikiwa rangi imeshuka sana na 254 haikushuka, au imepanda, hizo amini zinaweza kuwa ndizo unazoziona. Namba hiyo peke yake haizitambui kwa jina, lakini ni kengele ya bure. Baada ya tangi lisilo na hewa lazima lifuate lenye hewa, maana bakteria wa huko ndio wenye uwezo wa kuzila amini nyingi. Kama mnatumia haidrojeni peroksaidi mahali popote, jueni kwamba mabaki yake hufyonza urujuanimno na pia huongeza kwa uongo namba ya COD, ile ya oksijeni inayohitajika kuoksidisha uchafu kwa kemikali. Iondoeni kwanza.

*

Absobansi ya sampuli zangu inapanda badala ya kushuka. Halafu kuveti zangu zimekuwa buluu, hazitoki kwa maji. — Aliyechoka

Pole. Nenda kwenye nanomita 800, ambako methilini bluu haifyonzi kitu. Unapaswa kusoma sifuri. Ukisoma 0.08 au zaidi, unachopima ni unga: vipande vidogo vimebaki majini na vinatawanya mwanga, mashine inauhesabu kama umefyonzwa. Rudisha sampuli kwenye sentrifyuji, kasi zaidi, muda zaidi, na chota maji ya juu bila kuutikisa mrija. Kutoa tu namba ya 800 kwenye ile ya 664 ni kiraka, kwa sababu unga hutawanya mawimbi mafupi zaidi kuliko marefu.

Kuveti zioshe kwa ethanoli, kisha maji safi mara kadhaa. Zile za plastiki usizitie asetoni, zitayeyuka mkononi. Na ubadilishe mpangilio: tenga sampuli zote na unga kwanza, kila moja kwa wakati wake, halafu usome kuanzia iliyofifia kabisa kurudi kwenye nzito, ili tone lililobaki ukutani lisiiharibu inayofuata. Shika kuveti kwenye pande zenye ukungu. Nimeona "kilele kipya" kilichokuwa alama ya kidole gumba.